Labo Zikifungwa, Vumbi Haifungwi

Wandugu wafanyakazi, wamama wa nyumba, vijana wa mashimo: kila mara sisi wa sendika tukigusa mambo ya utafiti wa sayansi katika mukutano, kuna mwenye anapaza sauti kutoka nyuma: «Hayo ni ya maprofesere, siye tunataka mushahara!» Watu wanacheka na kumupigia makofi. Tunaelewa. Mutu mwenye watoto watano, na unga inaishia katika mufuko, hana nafasi ya kuwaza labo. Na tangu Goma ianguke tarehe 27 Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya mwezi wa pili, kila redio inasema vita, na kila franka ya Leta inaulizwa kwanza kama itaenda ku jeshi. Nani atapata nguvu ya kuuliza habari za iniversite?

Sisi tutauliza. Maana deni ya fujo hizi, upande wa sayansi, mufanyakazi wa mine analipa mbele ya mutu mwingine yeyote, na analipa kwa mapafu.

Tuanze na kitu cha karibu. Mwaka 2009, watafiti wa Iniversite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, walitoa kazi moja katika gazeti la sayansi. Profesere Célestin Banza Lubaba Nkulu ndiye wa kwanza katika orodha ya waandishi. Walichukua mukojo wa watu wa Katanga, wakubwa na watoto, wakapima ndani yake kobalti, shaba, arseniki, kadmiamu, urani na vingine. Walikuta kwamba watu wenye kukaa chini ya kilomita tatu kutoka mine ao kiwanda cha kuyeyusha wako na kobalti nyingi kupita wengine. Waliandika tena wazi kwamba kobalti ya kiasi kile haijapata kuandikwa pahali popote kwa watu wa kawaida, ni kusema watu wenye hawafanye kazi ya kiwanda. Mbele ya karatasi ile, mama wa kartye ya karibu na bomba la moshi akisema «hewa hii inatuua», alijibiwa kwamba anaota. Kisha karatasi ile, alikuwa na namba ya kuonyesha.

Mwaka 2018 ikatoka kazi ingine, ya Kasulo, kule Kolwezi, kartye yenye watu walianza kuchimba chini ya nyumba zao mwaka 2014. Kobalti katika damu na mukojo wa watu wa pale ilipita mbali ile ya watu wenye kukaa mbali na mashimo, na watoto njo walikuwa na nyingi zaidi. Mwaka 2020 ikatoka ya tatu. Watafiti waliangalia watoto 138 wa Lubumbashi wenye kuzaliwa na kilema cha kuonekana kwa macho, na wengine 108 wazima, wakauliza wazazi wao wanafanya kazi gani. Jambo lenye lilifungana na kilema kwa nguvu zaidi lilikuwa kazi ya baba ku mine. Karatasi haikusema kwamba kila kilema kinatoka ku mine, na sisi hatutasema vile. Lakini muangalie vizuri: baba, si mama. Mupaka siku ile, mutoto akizaliwa na kilema katika kampi, nani alitupiwa lawama? Tulisikia maneno ya ulozi, ya uzinzi, ya dawa mbaya za soko. Kuna wanawake walirudishwa kwa wazazi wao juu ya maneno yale. Kama sayansi ingekuwa imefanya hii moja tu, tungesema imelipa chakula chake.

Sasa, kazi za namna hii zinafanywa namna gani? Kuna mutu wa kupita nyumba kwa nyumba na kachupa kadogo, kuandika jina, umri, kazi, miaka mingapi ku mine. Kuna frigo yenye haipaswi kukosa umeme. Kuna rejista. Kisha mwaka moja, ao mitano, mutu anarudi ku nyumba ile ile, kwa baba yule yule, anapima tena. Pasipo kurudi, munganga ana picha moja tu. Hawezi kusema kama ugonjwa unapanda ao unashuka. Na kile kitu cha kurudi njo fujo ya siasa inavunja cha kwanza. Barabara inafungwa, watu wa kartye wanahamishwa, mwenye rejista anakimbia, mwenye kutoa franka anasema atangoja inchi itulie. Inchi yetu ikitulia, yeye ameisha kwenda ku inchi ingine.

Wachimbaji wa chini ya udongo wataelewa mbio. Mine ya Kipushi ilisimama mwaka 1993. Hakuna madini yenye ilitoka tena, lakini pompe hazikupaswa kusimama, juu maji ya chini hayana siku ya mapumziko. Hazikutunzwa kama inafaa, na mwaka 2011 maji yakapanda yakafunika kazi za chini. Ikahitaji miaka ya kunyonya maji na kutengeneza upya, na mali nyingi, mupaka uzalishaji ukarudi mwaka 2024. Mutu wa pompe wa Kipushi, kama angelipwa vizuri na kupata vipuri, angegharimu kidogo sana. Labo na rejista ya munganga ni pompe. Unaweza kusimamisha mengine yote wakati wa matata. Ile ukisimamisha, siku ya kurudi utakuta maji.

Sisi wa Katanga tuna mwaka wetu wenye pompe ilisimama. Usiku wa tarehe 11 kuamukia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia katika kampasi ya Lubumbashi, wakapiga na kuua wanafunzi. Hesabu ya wafu inabishaniwa mupaka leo, na hatutaiweka hapa. Ubelgiji ikasimamisha msaada wake. Mobutu naye akafukuza wakoperanti wa Ubelgiji. Mwezi wa tisa wa mwaka ule ule, mine ya Kamoto ikabomoka chini ya udongo. Mwezi wa tisa wa 1991 askari wasiolipwa wakaanza uporaji, watu wakawafuata. Tunakumbuka vizuri namna watu walibeba hata milango. Kisha ikaja 1992 na 1993, wakati watu wa Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, familia zikalala ku stasyo ya treni zikingoja gari ya kwenda kwao, pengine kwao kwenye hawajaona hata siku moja. Hatutaki kufungua kidonda kile kwa fujo. Lakini katika treni zile walipanda mainjinia, waalimu, wanganga, watu wenye walijua rejista iko katika kabati gani. Sendika yenye haiwezi kusema hili kwa sauti haifai kuitwa sendika.

Kila kitabu cha historia ya Gécamines kinaonyesha anguko kwa tani: zaidi ya tani 470.000 za shaba mwaka 1986, karibu tani 30.000 mwaka 1994. Wanauchumi wanapenda namba hizi. Sisi tunauliza namba ingine, yenye haiko katika kitabu: katika miaka ile, nani alikuwa anahesabu mapafu?

Maana vumbi ya jiwe ina tabia yake. Ile vumbi nyembamba ya silika, mutu akiivuta, haitoki. Inakaa katika mapafu na kufanya kovu polepole. Mutu anaweza kufanya kazi miaka kumi, makumi mbili, mbele ya kuanza kukosa pumzi akipanda ngazi. Dawa ya kuondoa kovu ile haiko. Na mapafu ya namna ile kifua kikuu inayapenda sana. Ugonjwa wa namna hii, wenye kuchelewa, unaonekana tu kwa mutu mwenye kuweka picha za kifua za 1985, za 1990, za 1995, moja kando ya ingine. Ukiondoa miaka kumi katikati, ugonjwa unakuwa kama umeshuka kutoka mbinguni.

Tunaona matokeo ku ofisi yetu. Wazee wanakuja, mara moja kwa juma, mara mbili, na bahasha ya plastiki. Wanakohoa. Wanataka tuwasaidie kudai. Tunauliza: baba, picha ya kifua ya wakati ulipoanza kazi iko wapi? Ilibaki ku lupitalo ya kampani. Lupitalo ikapita katika mikono ingine. Kabati likahamishwa, ao likaliwa na mvua, ao likauzwa pamoja na nyumba. Tunaenda pamoja na muzee ku ofisi za kampani moja yenye hatutaitaja, mara tatu, mara ine. Jibu ni moja, tena linatolewa kwa adabu sana: «Baba, huna alama ya kuhakikisha kwamba ugonjwa huu ulitoka ku kazi.» Na kweli hana. Alama ilipotea wakati wa fujo zenye yeye hakuanzisha, akiwa bado chini ya shimo anapakia mawe.

Hapa tunaomba musomaji asimame kidogo. Kwa mutu wa labo, mwaka moja pasipo kipimo ni tundu katika karatasi yake, na profesere anaweza kusikitika. Kwa tajiri wa mine, tundu lile ni faida. Hakuna hesabu, hakuna kosa. Hakuna kosa, hakuna malipo. Kwa hiyo tukisikia mukubwa mumoja anasema kwamba utafiti utangoje amani, tunaangalia kwanza ni nani anakula katika kungoja kule.

Mambo haya hayakuanza jana, wala si ya Katanga peke yake. Munajua mafuta ya ngazi yenye inauzwa katika bidoni, yenye imetoka Malezia? Siri ya ngazi yenye kutoa mafuta mengi ilipatikana hapa kwetu, Yangambi, karibu na Kisangani, katika kituo cha INEAC chenye kilianzishwa mwaka 1933. Watafiti wawili wa Ubelgiji, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha mwaka 1941 namna ya kuchanganya ngazi ya ganda nene na ile isiyo na ganda, ili kupata ya katikati yenye nyama nyingi. Mashamba makubwa ya Asia leo yamepandwa kwa kanuni ile. Kisha 1960 wataalamu wazungu wakaondoka wengi, na wakoloni hawakuwa wamefundisha Wakongomani wa kuwarudilia. Mwaka 1964 uasi ukachukua Kisangani na pande zake. Kituo hakikufa kabisa, jina likageuka kuwa INERA, miti iko, watu wa moyo wako. Lakini sisi wenye tulikuwa tunauza mafuta ku dunia, tunanunua. Musimulie watoto hii wakati mama anapika sombe.

Sasa tuende kule kwenye vita iko. Goma iko na chumba cha kupima mulima wa moto, Observatoire Volcanologique, tangu miaka ya 1980. Nyiragongo ilipasuka mwezi wa kwanza 2002, lava ikapita katikati ya muji. Vyombo vya kupima matetemeko vinapaswa kukaa ku mulima, ndani ya pori, na pori lile tangu 1994 halikosi askari wa kila rangi. Vyombo viliibwa, betri na sahani za jua zikaibwa. Mutafiti hakuweza kupanda pasipo kuuliza ni nani anashika kilima wiki ile. Mwaka 2020 mupango wenye ulilipiwa na Banque mondiale ukaisha, na kwa miezi wataalamu wakakosa hata intaneti ya kupokea vipimo. Tarehe 22 Mei 2021, siku ya mposho, mulima ukapasuka magaribi pasipo onyo. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaungua. Wengine walisema watafiti walilala. Sisi tunasema mutu mwenye umemunyanganya macho hawezi kukuonya na shimo.

Kule Lwiro, kando ya Kavumu, iko nyumba kubwa ya sayansi yenye mizizi yake ni ya 1947, wakati wakoloni walianzisha IRSAC. Maktaba iko pale, vyombo vya kusikia tetemeko viko pale. Kavumu ilichukuliwa siku mbili mbele ya Bukavu. Watafiti wa pale ni baba na mama wa familia kama sisi. Mushahara wa Leta ulikuwa shida wakati wa amani, muwaze sasa benki zimefungwa. Mutu wa namna hii hata akibaki ku kazi, kichwa chake kinatafuta unga. Ndiyo namna utafiti unakufa mara nyingi kwetu: si kwa bombe. Ni kwa profesere kulima shamba na kufundisha ku masomo tano, na kwa mwanafunzi kukaa miaka saba kwa masomo ya miaka tano, juu ya ile miaka ya elastiki yenye tunaijua wote. Mutoto wa mufanyakazi wa mine, mwenye baba alikopa ili asome jeolojia, anachoka, anaacha, anaenda kuchimba. Hatumulaumu.

Wandugu wengine wanatujibu: mambo ni vile, vita ni vita, hakuna sayansi katika risasi. Si kweli, na mufano uko hapa hapa Kongo. Mwaka 2018 Ebola ilipiga Beni, kisha Butembo, pahali pa vita kabisa. Watu wa silaha walishambulia vituo vya kutunza wagonjwa. Munganga mumoja wa OMS, Richard Mouzoko, aliuawa Butembo mwezi wa ine 2019. Pamoja na hayo, INRB ya Profesere Muyembe na wenzake wa inchi za kigeni walifanya pale pale jaribio la dawa ine, na mwezi wa munane 2019 wakatangaza kwamba mbili kati yake zinaponyesha watu wengi kupita zingine. Moja ya zile mbili inatoka ku damu ya Mukongomani mwenye aliponea Ebola ya Kikwit, mwaka 1995. Damu iliangaliwa, jina likaandikwa, mutu akapatikana tena kisha miaka. Muangalie: kurudi.

Kwa nini pale iliwezekana? Juu Muyembe na watu wake hawakuacha kazi hii tangu Ebola ya kwanza, Yambuku 1976, hata katika miaka ya njaa. Na tena, tuseme wazi, juu dunia iliogopa. Ebola inapanda ndege. Vumbi ya Kolwezi haipandi ndege. Kobalti inapanda meli, inaenda kuingia katika mabateri ya magari ya wengine, lakini vumbi yake inabaki kwetu na haiogopeshe mutu yeyote kule Ulaya ao Uchina. Kwa hiyo tusingoje woga wao. Sisi wenyewe njo tunapaswa kuogopa.

Kuna neno lingine lenye tunasikia, na hili lina haki yake: kwamba utafiti wenyewe unatukamua. Damu inatolewa Kasulo, inapimwa Ubelgiji, matokeo yanaandikwa kwa kiingereza, na mwenye damu hapati kujua kitu. Karatasi nyingi za jeolojia ya Katanga ziko ku miuzeo ya Tervuren, na mutoto wa Likasi mwenye kutaka kujua chini ya kartye yake kuna nini anapaswa kuomba viza. Hata bonobo wa Wamba, kule Ekwatere, wenye Wajapani walianza kufuatia 1973, wakaacha wakati wa vita na kurudi kisha, kila mumoja ana jina lake katika rejista. Bonobo! Hatuna chuki na bonobo. Tunataka tu mufanyakazi naye awe na ukurasa wake.

Lakini dawa ya hilo si kufunga mulango. Vipimo vinakwenda Leuven juu hapa umeme unakatika na mashini haiko. Mashini haiko juu mara mbili, mara tatu, inchi ilivunjika na kila kitu kikaanza upya ku zero. Mutu mwenye kushikilia heshima ya inchi alipe mashini Lubumbashi, na umeme wake, na fundi wake. Kisha tutaongea juu ya heshima.

Na mali iko. Kodi ya mine ya 2018 inalazimisha kila kampani kuweka 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wenye kukaa kando ya mine. Kodi ile ile inasema 10% ya redevansi ya madini iwekwe pembeni kwa vizazi vyenye kuja. Tunaona visima, tunaona masomo yenye kupakwa rangi, tunaona sherehe ya kukata kamba. Vizuri. Tunauliza: katika zile 0,3%, je, kuna kampani moja yenye imekubali kulipia miaka makumi mbili ya kupima damu na kifua cha watu wa kartye, na kutoa matokeo hata kama matokeo hayaipendeze? Vizazi vyenye kuja wanatoka katika mwili wa baba na mama wa leo. Kama franka ya vizazi haiwezi kulinda mbegu yenyewe, inalinda nini?

Kwa hiyo katika mazungumuzo ya konvansyo kolektive yenye kuja, wadelege wetu watadai mambo machache, na tunaomba muwashike mukono. Kila mufanyakazi apewe kopi ya matokeo yake kisha kila visite medikale: picha ya kifua, damu, mukojo. Si kusoma tu mbele ya munganga na kurudisha. Kopi, ya kubeba nyumbani. Vijana wa sutretansi vile vile, maana wao njo wanakula vumbi nyingi na kontra yao inaisha mbele ya kikohozi kuanza. Rejista ya magonjwa ya kazi iwekwe pahali patatu: ku kampani, ku iniversite, na ku enspeksyo ya kazi, ili fujo ya muji moja isifute yote. Kampani ikiuzwa, rejista isiuzwe kama viti. Mununuzi apokee deni pamoja na mali. Na watafiti wakija kutoa damu, warudi kueleza kwa kiswahili, katika kartye, mbele ya wenye damu.

Ku ndugu zetu vijana tunaongeza neno moja, tena tunalisema kwa upendo lakini kwa ukali. Siku ya hasira ikija, na tunajua itakuja, juu mushahara unachelewa na bei ya unga haichelewi, mawe yasitupwe ku dispansere. Mwaka 1991 tuliona rejista za wagonjwa zikifungia karanga sokoni. Katika miezi ile hakuna mutu alifikiri kwamba anakula kifua cha baba yake pamoja na karanga. Wanasendika watasimama mbele ya mulango wa labo na wa dispansere siku ile, kama vile wazee wetu walisimama mbele ya chumba cha pompe wakati wa mugomo: kazi inasimama, pompe hapana.

Kwa sasa tumeanza kazi ndogo yenye haingoje Leta wala vita kuisha. Wenye kuwa na karatasi za zamani za munganga, karte za kazi, picha za kifua, hata zile zenye zimeanza kugeuka manjano, wazilete kwa delege wao, ku mine ao ku kartye, siku ya mposho asubui. Tutafanya kopi na kurudisha ya kwanza siku ile ile. Hatubaki na karatasi ya mutu. Wajane pia waje: picha ya kifua ya mume mwenye alikufa ina maana sawa na ya muzima, na pengine kupita. Mutu asitupe kitu kwa kusema ni cha zamani. Na mwenye hana karatasi hata moja, aje na kichwa chake: tutaandika alianza kazi mwaka gani, shimo gani, mashini gani, nani walikuwa timu moja naye, na nani kati yao anakohoa.